Mshikio wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeguna kidogo kabla ya kuitikia, nami nimeipokea marahaba yako pamoja na mguno wake. Hujambo huko? Presha inasemaje? Na lile goti la kulia lililokuwa likitabiri mvua, bado linatabiri au limestaafu? Kile kikapu cha mama bado kinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, au panya wamekimaliza? Mimi ni mzima kabisa. Kikohozi kimeniacha, meno yapo yote isipokuwa lile unalolijua, na chumba changu ni kilekile juu ya duka la magodoro. Watu hunihurumia kuishi hapa. Hawajui kwamba rundo la magodoro chini ya sakafu humeza kelele za mtaa mzima, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni neema tupu.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Kabla yake ulinipigia simu mara nne. Niliiona ikiita, nikaitazama mpaka ikachoka, nawe ukachoka, ukaamua kushika kalamu. Nisamehe. Unanijua mimi na simu: sauti ya mtu bila uso wake hunifanya nisahau hata jina langu. Lakini barua nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kupasuka. Umesema Chiriku wetu anaolewa mwisho wa mwezi ujao. Umesema baba yake angekuwa hai yeye ndiye angemwingiza ukumbini, na kwa kuwa hayupo, mtoto amewakataa baba zake wadogo wote watatu, anasema hataki mwingine ila mjomba wake. Umesema umemuuliza mara tatu kama ana hakika. Mstari huo ulinichekesha, halafu ukaniuma, kwa sababu hata mimi ningemuuliza mara tatu.

Na mwishoni umeandika kwamba kama siwezi niseme tu mapema, hutakasirika, ila hutaki binti yako asimame mlangoni akisubiri kama ulivyosubiri wewe siku yako. Hapo ndipo nilipoikunja barua nikaiweka chini ya redio, na nimekuwa nikiipita kila asubuhi kama mtu anayempita mdai wake. Leo naijibu. Lakini jibu lenyewe nitalifikia kwa njia ya kuzunguka, kwa hiyo jisogezee chai, vaa miwani, maana lazima kwanza nikusimulie habari za filamu.

Ndiyo, filamu. Mwezi uliopita niliitwa kunasa sauti. Usianze kuniwazia kwenye mazulia na mataa. Ni filamu ndogo ya watu wanane, kamera moja na birika moja la chai. Hakuna kampuni nyuma yake. Mwongozaji ni mwanamke mfupi aliyekuwa muuguzi miaka kumi na mitano kabla ya kushikwa na ugonjwa huu wa picha, na hata sasa huwaambia waigizaji wavute pumzi, walegeze bega, haitauma. Hadithi aliiandika mwenyewe. Inamhusu karani mmoja mpweke anayetunza vitu ambavyo abiria wamevisahau stesheni: miavuli, viatu vya mguu mmoja, meno ya bandia. Karani huyu anajua kila mwavuli ulisahauliwa wapi na siku gani, lakini hajui namna ya kujibu salamu bila kutoka jasho. Yupo mama mmoja pale ofisini, mpiga chapa, ambaye peke yake humsalimu kisha akasubiri jibu. Mwishoni mama huyo anastaafu na wenzake wanamwandalia tafrija ya kumuaga. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Hakuna anayekufa wala anayefukuzwa na gari.

Aliyepewa kuwa karani tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa tangu aanze kuigiza hupewa nafasi za wakubwa tu: hakimu, mkurugenzi, baba mwenye nyumba. Ana kifua, ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na hawezi kumpita binadamu bila kumshika bega na kuulizia watoto wake. Sasa mpe mtu wa namna hiyo awe mpweke! Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho vitupu. Karani alitakiwa kuingia ofisini akijibanza ukutani. Mheshimiwa akaingia kama mtu aliyekuja kukagua jengo. Alitakiwa kula chakula cha mchana peke yake. Akala huku akimkonyeza mpiga picha. Mwongozaji akamwomba apunguze kifua. Akapunguza kifua, kikaongezeka kitambi. Tulikuwa tukipiga picha kwenye jengo la posta ya zamani lililofungwa siku nyingi, na jioni ya siku ya tano nilimwona mwongozaji amekaa juu ya mizani ya vifurushi, ameshika tama. Nilitaka kumwambia neno la kumpoza. Nililifanyia mazoezi kimoyomoyo, nikalipanga vizuri, na nilipokuwa tayari alikuwa ameshaondoka.

Mimi nilikuwa kwenye kona yangu. Kazi hii inanikaa vizuri kuliko nguo, Dada. Nashika fimbo ndefu yenye maiki kichwani, nina hedifoni masikioni, na mwenye hedifoni haulizwi kitu. Nasikia kila mtu na hakuna anayenitaka nijibu. Na kuna jambo moja la kazi yetu sijawahi kukueleza. Kila chumba kina ukimya wake. Ukimya wa posta ya zamani si ukimya wa jiko lako. Kwa hiyo kila tunapomaliza kupiga picha mahali, kabla watu hawajaanza kufungasha, mimi hunyanyua mkono na kila mtu husimama palepale alipo nusu dakika nzima. Hakuna kukohoa, hakuna kusogeza mguu. Ninanasa ukimya ule, na baadaye hutumika kuziba nafasi kati ya maneno. Wenzangu huiona nusu dakika hiyo adhabu. Kwangu ndiyo saa pekee ninayopenda kuwa katikati ya watu, maana tuko pamoja sote na hakuna anayedaiwa neno.

Wiki ya pili, Mheshimiwa akabadilika. Sikujua amekula nini. Karani akaanza kugonga hewa kwanza, mara mbili tatu, kabla ya kuugusa mlango. Midomo ikawa inamcheza akiikariri salamu kabla ya kukutana na mtu. Akawa anatembea na miavuli imejaa mikono yote miwili, ili asiwepo wa kumpa mkono. Akiaga, anaaga meza. Wapishi wa chai waliacha kuchota sukari wakamtazama. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeinua fimbo yangu, nilimwonea karani huruma. Nilijisemea, maskini, kumbe duniani wapo watu wa hivi. Nyani haoni kundule.

Siku ya tisa, asubuhi, tulipumzika. Mheshimiwa akashuka ngazi na mwongozaji kunywa chai, maiki ndogo ikiwa bado imebandikwa kifuani mwake na haijazimwa. Hilo hutokea karibu kila siku, ndiyo maana mafundi wa sauti tuna sheria yetu. Haijaandikwa popote lakini kila mmoja wetu anaiheshimu: maiki ikisahaulika wazi, vua hedifoni. Miaka yote nimeitii, na kwa kuitii nimekosa kujua siri za watu wengi. Siku hiyo mkono wangu ulikuwa tayari masikioni niliposikia natajwa.

Mwongozaji alikuwa akimuuliza amemtoa wapi karani huyu. Mheshimiwa akacheka, akashusha sauti, na sauti yake hata ikishushwa yatosha harusi nzima, akasema anamwiba fundi wa sauti. Akaanza kuzihesabu tabia zangu. Akasema mimi hugonga hewa kabla ya kugonga mlango. Akasema nyaya zangu nikishazikunja huendelea kuzibeba kwa mikono miwili hadi watu wote wamalize kuagana. Mwongozaji akauliza kama mwenyewe najua. Mheshimiwa akajibu kwamba sijui, na nikijua nitaondoka, tena kwa adabu, vifaa vyote nikiwa nimevipanga.

Uso ulinichoma kama niliyeinamia chungu. Miaka arobaini na mitatu nimejibana nisionekane, kumbe nilikuwa nikitazamwa kila siku na mtu mwenye daftari kichwani! Nilitaka kuondoka palepale, kwa adabu, vifaa vikiwa vimepangwa. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa ameshasema nitafanya hivyo. Basi nikabaki nimekaa kwa ukaidi tu, na hedifoni bado masikioni, na ndiyo maana nikasikia yaliyofuata.

Alisema kila akirudi nyumbani hukaa mezani akiwa karani, kwa mazoezi, na mkewe humhudumia kama mgeni. Mkewe huyo amewavumilia mahakimu na wakurugenzi miaka kumi na saba. Jana yake alimwambia kwamba huyu ndiye mgeni bora aliyewahi kumletea, na akauliza ni lini atamleta mwenyewe aje ale. Kisha Mheshimiwa akasema, naye kicheko kilikuwa kimemwisha, kwamba maisha yake yote alidhani mtu akinyamaza ni kwa sababu hana kitu. Sasa akiwa karani anajikuta anasikia maji kwenye bomba la jirani, anasikia mkewe akishusha pumzi kabla ya kukaa, vitu ambavyo vilikuwepo siku zote na yeye ndiye alikuwa akivipigia kelele. Mwongozaji akamwambia anywe chai, inapoa.

Nilivua hedifoni nikaziweka mapajani. Dada, sikujua nikasirike au nifanye nini. Kwa hiyo nilifanya jambo la kitoto. Kesho yake, tangu nifike hadi jioni, kila nilipozungumzishwa nilijikuna sikio la kushoto. Sijawahi kuwa na tabia hiyo. Nilijikuna mpaka likawa jekundu. Na kesho kutwa yake, kamera inazunguka, mama mpiga chapa anamsalimu karani, na karani, masikini ya Mungu, anainua mkono polepole anajikuna sikio la kushoto! Nilicheka kimyakimya mpaka fimbo ikatikisika na picha ikaharibika. Mwongozaji akauliza kama naumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuharibu kazi ya watu, na nilitembea kurudi nyumbani nikijihisi mwepesi ajabu.

Tukafika siku ya mwisho, siku ya tafrija. Ukumbi wa chini wa posta ulipambwa kwa karatasi za rangi, wakaalikwa watu thelathini wa kujaza viti. Kama ilivyoandikwa, karani aingie, asimame mbele, atoe hotuba ndefu ya kumuaga mama mpiga chapa, watu wote walie na wapige makofi. Walipiga picha mara ya kwanza. Mheshimiwa aliisema hotuba ile vizuri mno, na hapohapo karani akatoweka, akarudi hakimu. Wakapiga mara ya pili. Mara ya tatu Mheshimiwa akanyamaza katikati, akageuka, na mbele ya watu wote thelathini akaniangalia mimi. Akaniuliza fundi, wewe ungefanyaje?

Kimya. Nami sikuwa nimenyanyua mkono. Nilisikia damu yangu mwenyewe kwenye hedifoni. Mwongozaji akafumba macho, nadhani alikuwa ananisubiri nianze kupanga vifaa. Nikavua hedifoni, Dada, nikaongea. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa, lakini ilitoka. Niliwaambia mtu huyu hawezi kutoa hotuba hata mkimtishia kisu. Lakini msidhani haji. Atakuja, tena atakuja mapema kuliko wote, viti havijapangwa. Amepiga pasi shati jana. Atalizunguka jengo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila akifika mlangoni atakuta watu wameongezeka. Niliwaambia shida yake si safari wala si mapenzi. Anampenda yule mama pengine kuliko hao wanaopiga makofi. Shida yake ni mlango.

Mheshimiwa hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa sauti ya karani, basi ni nini kitakachomwingiza? Nilitaka kusema sijui. Halafu nikakuona, Dada. Nilikuona una miaka kumi na miwili, unafunga kanga ya mama uliyoikunja mara mbili, unanipa kikapu.

Unakumbuka? Wale watoto wa kona, walionibandika jina la Konokono kwa sababu nikiwaona tu najikunja shingoni. Nilikuwa sitoki. Mama aliwahi kunichapa nitoke, baba aliwahi kuniahidi pipi, jirani alisema nimepigwa jicho la mtu. Wewe hukusema kitu. Ulichukua kile kikapu chenye mishikio miwili, ukashika mmoja, ukaniachia mmoja, ukaanza kutembea. Kama ningeachia, mboga zingemwagika. Basi nikawa sina nafasi ya kujikunja, nina kazi. Tulipita kona, tulipita wale watoto, tukaingia sokoni katikati ya makelele yote yale. Ilichukua miaka mpaka nikagundua kwamba kikapu chenyewe mara nyingi kilikuwa na vicha viwili vya mchicha, mtoto mdogo angekibeba kwa kidole.

Nikawaambia asiitwe, asivutwe, asipigiwe makofi. Atoke yule mama mwenyewe. Amkute nje. Asiseme kitu. Awe na mzigo wenye pande mbili, amwachie upande mmoja.

Mwongozaji akairarua karatasi ya hotuba. Tukachukua karai kubwa la vikombe lenye mishikio miwili. Mama mpiga chapa akatoka nje, akamkuta karani anaanza mzunguko wa nne, akamnyooshea karai. Karani akashika. Wakaingia pamoja, vikombe vikilialia, wakapita katikati ya watu wote hadi meza ya mbele, wakaliweka chini. Halafu karani akaanza kugawa vikombe, mtu mmoja mmoja. Hakusema hata neno. Ndio mwisho wa filamu. Tulipiga mara moja tu.

Nikanyanyua mkono wa kunasa ukimya wa ukumbi. Watu thelathini na wanane wakasimama palepale. Ndipo nikasikia, kwenye maiki ya kifuani, kwamba Mheshimiwa analia. Ukimwangalia huoni kitu. Nilimwacha alie nusu dakika yake, halafu nikaongeza nusu nyingine, hakuna aliyeuliza. Tulipokuwa tukikunja nyaya nilimwendea, nikamwambia sikio la kushoto lilikuwa mtego. Akanitumbulia macho, akapiga ukelele uliotikisa vioo vya posta, akaniomba radhi papo hapo. Nami nikamwomba radhi kwa kuivunja sheria ya hedifoni. Jumapili iliyopita nilikwenda kula kwake. Nilikuwa bado nagonga hewa mkewe akafungua mlango, akasema alijua nitachukua muda, kwa hiyo alikuwa amesimama nyuma yake tangu aliposikia hatua zangu.

Sasa Dada, nimezunguka vya kutosha. Nimefika mlangoni.

Siku ya harusi yako sikuwa naumwa. Uliwaambia watu nimepatwa na homa, na nilipokuja kukuona wiki ya pili yake nilikubali, nikasema ndiyo, homa kali, hata nikakohoa kidogo. Umeishi miaka ishirini na minne ukiamini kwamba nilibaki kitandani, nimejifunika shuka, na siku yako kubwa kuliko zote haikuwa na uzito wa kuninyanyua. Si kweli. Nilikuwepo. Nilifika kabla ya wote, viti havijapangwa, na shati nililopiga pasi usiku wake. Nililizunguka lile jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Na ulipofika muda wangu wa kuja kukushika mkono nikuingize ukumbini, kwa kuwa baba alikuwa ameshatutoka, miguu ilinipeleka nyuma ya ukuta, kwenye kibanda cha yule mzee wa spika. Hakuniuliza kitu. Alinitazama, akasogea kwenye benchi, akanivisha hedifoni, labda alidhani zitanituliza.

Mshereheshaji alikuwa amesimama kando yako mlangoni na maiki mkononi. Mzee alikuwa amezifunga spika za ukumbini, hakuna aliyekuwa akisikia, ila maiki yenyewe ilikuwa wazi. Nilikusikia, Dada. Nilisikia wakikuhimiza uingie, watu wanasubiri. Nilikusikia ukisema mdogo wangu atakuja, anahitaji muda tu. Wakakuhimiza tena, ukasema basi niacheni nihesabu mpaka mia. Na ukahesabu. Nilikusikia ukihesabu, taratibu, na ulipofika themanini ukaanza kuvuta kila namba, ili mia isifike. Nilikuwa hatua ishirini kutoka ulipokuwa. Ilipofika mia ulisema, twendeni, atakuwa anaumwa. Ukaingia peke yako.

Uongo ule uliutunga wewe, papo hapo, kwa sauti isiyotetemeka, ili kunifunika mimi niliyekuaibisha. Nami nikajifunika nao miaka ishirini na minne. Ninasikiliza watu kwa kazi, nimesikia sauti nyingi, lakini hakuna iliyonikaa sikioni kama wewe ukisema themanini na moja. Nisamehe. Siku ile nilihitaji mtu wa kushika mshikio wa pili, na aliyekuwa akiushika siku zote ndiye alikuwa bibi harusi. Hiyo si sababu ya kutosha, najua. Ndiyo niliyo nayo.

Jibu langu ni hili. Mwambie Chiriku mjomba anakuja. Nitafika siku mbili kabla, nipewe kazi ya kupanga viti, tena nipewe na watu wachache wa kunizoea. Sitatoa hotuba, asije akanitega, namjua. Na asinishike mkono kama wanavyofanya wengine. Tafadhali kishushe kile kikapu cha mama nyuma ya mlango, kifute vumbi. Kama mshikio umelegea, mpelekee msusi wa vikapu aukaze, usikae ukasema utashikilia hivyohivyo. Tieni ndani chochote mnachotaka, maua, pipi za watoto, hata vicha viwili vya mchicha. Yeye atashika upande wake na mimi upande wangu, na tutaingia, kwa sababu nikiachia vitamwagika.

Wasalimie majirani wote, hasa yule fundi cherehani aliyewahi kuniambia nina bega zuri la koti. Mwambie nitahitaji koti. Msalimie bwana harusi ingawa hatujuani, mwambie asiogope nikiaga meza. Busu kwa Chiriku, mwambie asipunguze maneno hata akiolewa, sisi wengine tunayategemea. Na goti lako ulitunze, tutasimama sana siku hiyo.

Utanikuta nje, huenda kwenye mzunguko wa pili au wa tatu. Safari hii usihesabu, Dada.

Ni mimi mdogo wako,
Konokono